Hitimisho la insha ni jibu, si kwaheri

MARA si haba walimu wa Kiswahili huniuliza jinsi ya kumfundisha mwanafunzi kuanza insha. Wanataka utangulizi wenye mvuto, wenye kumnasa mtahini tangu mstari wa kwanza. Ni nadra sana kuulizwa jinsi ya kuimaliza insha hiyo. Inachukuliwa kwamba mwisho hujileta wenyewe, kama jioni inavyofuata mchana.

Haujileti, bwana! Chukua rundo la insha za kidato cha nne kutoka shule yoyote uisomayo, kisha usome aya za mwisho peke yake. Utakutana na sentensi zilezile, zimepangwa kama matofali. "Kwa kutamatisha, ningependa kusema kwamba..." Au, "Ama kwa hakika, wahenga hawakukosea waliponena kuwa..." Au, "Nisije nikakuchosha, naweka kalamu yangu chini." Na ile iliyozeeka kuliko zote: msimulizi amevamiwa na majambazi, ameanguka mtoni, simba amemfungulia kinywa, halafu, "Nilishtuka na kujikuta kitandani. Kumbe ilikuwa ndoto!"

Mwanafunzi anayemalizia hivyo si mvivu. Amefundishwa hivyo, na aliyemfundisha alikuwa na sababu zake. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE huchukua saa 1 na dakika 45. Mtahiniwa huandika insha mbili, kila moja isipungue maneno 400, kila moja ina alama 20. Ukigawanya muda huo, baada ya kutoa dakika za kusoma maswali na kupanga hoja, huyu mtoto hana hata dakika 50 kwa kila insha. Katika KCPE, mtihani uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, hali ilikuwa ngumu zaidi: dakika 40 tu. Mwalimu mwenye darasa lililofurika anaona heri mwanafunzi awe na mwisho aliokariri kuliko kuachia insha hewani kengele inapolia.

Ninaielewa hoja hiyo. Hata hivyo, ninasema kwamba inatugharimu zaidi ya alama. Mwanafunzi aliyezoea kumalizia kwa maneno ya kukariri anajifunza jambo moja baya bila mtu kumwambia: kwamba mahali pa kutoa uamuzi ndipo mahali pa kuacha kufikiri. Anaaga badala ya kujibu.

Tuanzie kwenye neno lenyewe. "Hitimisho" limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kufunga au kutia muhuri. Ndugu zake katika Kiswahili tunawajua sote. Kuna "kuhitimu", yaani kukamilisha masomo au mafunzo. Kuna "hitima", kisomo kinachosomwa kumwombea marehemu. Kuna pia "hatima", yaani kule jambo linakoishia. Tunapouliza hatima ya mtoto fulani, hatuulizi saa aliyoondoka nyumbani. Tunauliza mambo yake yalifikia wapi. Vivyo hivyo, hitimisho la insha linapaswa kutuambia hoja zimefikia wapi. Kutuambia tu kwamba zimekwisha hakutoshi. Kwamba zimekwisha tunaona wenyewe, karatasi imebaki nyeupe.

Wazee wetu wa ushairi walilielewa hili vizuri. Mshairi wa Kiswahili huwa na "kaditama", ubeti au kituo cha kufungia utungo. Neno hilo nalo ni la asili ya Kiarabu na maana yake ni kwamba jambo limetimia. Katika tendi za kale, sehemu ya mwisho ilikuwa na kazi mahususi. Aghalabu mtunzi alijitaja jina, akataja mwaka, pengine akahesabu idadi ya beti ili mnakili asije akapunguza wala kuongeza, kisha akaomba dua. Ndiyo maana tunaweza kusema kwamba utenzi wa Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, wenye wasia kwa bintiye, ni wa mwaka wa 1275 Hijria, yaani yapata 1858 Miladia. Mtunzi aliyetia jina na mwaka mwishoni alikuwa anasema: maneno haya ni yangu, ukiyaona na kasoro nijie mimi. Huo ni mwisho wa mtu anayewajibikia alilolisema.

Nje ya kwetu, Mgiriki Aristotle aliandika kuhusu balagha zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Karibu na ukingo wa kitabu cha tatu cha kazi hiyo anaeleza kwamba mwisho wa hotuba una kazi nne. Ya kwanza ni kumfanya msikilizaji akupende wewe na amtilie shaka mpinzani wako. Ya pili ni kuyapa mambo uzito unaostahili, makubwa yaonekane makubwa na madogo madogo. Ya tatu ni kuamsha hisia. Ya nne ni kukumbusha yaliyosemwa. Sasa, msomaji wangu, hebu jiulize: katika kazi hizo nne, ni ipi tunayoifundisha shuleni? Ni ile ya nne peke yake. Tunamwambia mtoto, "Hitimisho ni muhtasari wa hoja zako." Tumemwachia kazi ya karani, ile ya hakimu tumeiondoa.

Haya, tutazame mfano. Tuseme swali ni hili: "Uchukuzi wa bodaboda umeleta faida nyingi kuliko hasara. Jadili." Mwanafunzi ameandika hoja tano au sita za kuunga mkono na tatu au nne za kupinga. Kisha anahitimisha hivi:

"Kwa kutamatisha, ni wazi kwamba bodaboda zina faida na hasara zake. Zimeleta ajira na kurahisisha usafiri lakini pia zinasababisha ajali na uhalifu. Hivyo basi, kila mmoja wetu anapaswa kuwa makini kwani wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari."

Lugha ni safi. Tahajia haina doa. Methali ipo. Lakini jibu liko wapi? Swali halikuuliza kama bodaboda zina faida na hasara. Kila kitu chini ya jua kina faida na hasara, hata ndizi. Swali lilitumia neno "kuliko". Lilimtaka mwandishi ashike mizani, apime, aseme upande upi umeelemea. Halafu "kila mmoja wetu anapaswa kuwa makini": ni nani huyo, na awe makini na nini? Na ile methali inaweza kubandikwa katika insha ya moto, ya mafuriko, ya dawa za kulevya au ya mitandao ya kijamii bila kubadilisha hata herufi.

Linganisha na hitimisho hili:

"Nikizipima pande hizi mbili, naona faida za bodaboda zimezidi. Mama mjamzito anayeishi mbali na barabara ya lami hana gari la kungoja. Kwake pikipiki ndiyo njia ya kufika hospitalini. Ajali nilizozitaja hazitokani na pikipiki yenyewe bali zinatokana na waendeshaji wasio na mafunzo na abiria wanaopandana watatu kwa safari moja. Hasara za aina hiyo zinaweza kupunguzwa bila kuziondoa bodaboda barabarani, lakini faida zake hatuna cha kuzifidia kwa sasa."

Unaweza kumpinga mwandishi huyu. Unaweza kumwambia kwamba ametia chumvi au amepuuza uhalifu. Vizuri! Hitimisho linaloweza kupingwa ni hitimisho lililosema kitu. Tazama pia jinsi alivyofanya. Amelirudia swali kwa kulijibu. Hajaorodhesha hoja zake zote upya. Amechagua mbili zenye uzito na kueleza kwa nini moja inashinda nyingine. Na hajaleta hoja mpya: mama mjamzito na abiria watatu walikuwa wametajwa ndani ya insha. Mgeni akiingia mlango unapofungwa, wenyeji hawapati nafasi ya kumhoji.

Utaniuliza, na insha ya methali je? Huko nako kuna ugonjwa wake. Tuseme mwanafunzi anasimulia kisa kinachodhihirisha methali "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Ameandika kuhusu baba aliyemdekeza Juma kwa kila kitu, Juma akaacha shule, akaingia katika wizi. Mwisho wa kawaida tunaujua: "Ama kweli, wahenga hawakukosea..." Hapo kisa kimekatwa na mwandishi amepanda jukwaani kutuhubiria. Sasa tazama mwisho huu:

"Baba aliketi kwenye benchi nje ya mahakama. Kwenye mfuko wa shati alikuwa bado na risiti ya simu aliyomnunulia Juma siku ile alipokataa kwenda shule. Hakuna jirani aliyewahi kumwona akitokwa na machozi, hata siku ya mazishi ya mkewe. Juma alipopitishwa akiwa amefungwa pingu, mzee alilia."

Methali imetimia mbele ya macho yetu. Aliyeogopa kilio cha mwana amelia yeye. Kwa kuwa huu ni mtihani, mwanafunzi anaweza kuongeza sentensi moja ya kuifunganisha na methali ili mtahini asibaki na shaka. Sentensi moja tu, si khutba. Ile ndoto nayo aiache kabisa. Anayemaliza kwa ndoto anamwambia msomaji kwamba yote aliyoyahangaikia hayakutokea na hayana matokeo. Amekwepa hatima.

Ziko tungo ambazo mwisho wake umewekwa na desturi ya utungo wenyewe, na hapo mwanafunzi hana ruhusa ya kujibunia. Barua rasmi hufungwa kwa "Wako mwaminifu", sahihi na jina. Kumbukumbu za mkutano hutaja saa ya kufungwa kwa mkutano, kisha nafasi za sahihi na tarehe za mwenyekiti na katibu. Ripoti hutoa hitimisho, kisha mapendekezo. Insha ya mdokezo inayotakiwa kumalizika kwa maneno fulani huishia kwenye maneno hayohayo, kituo. Ukiongeza sentensi nyingine kwa ajili ya utamu, umelikaidi swali. Lakini hata katika tungo hizi, kanuni haibadiliki. Sahihi ya katibu si pambo. Inasema: niliyoyaandika ndiyo yaliyoafikiwa na ninayathibitisha. Haina tofauti na jina la mtunzi wa utenzi.

Msomaji asidhani kwamba tatizo hili linaishia katika shule za sekondari. Nimetahini tasnifu za uzamili na uzamifu kwa miaka mingi na ninaweza kusema kwamba sura ya mwisho ndiyo dhaifu kuliko zote katika nyingi kati yake. Mtafiti amekusanya data miezi sita, ameichanganua kwa bidii, lakini anapofika kwenye sura ya hitimisho ananakili matokeo ya sura iliyotangulia na kubadilisha nyakati za vitenzi. Halafu anapendekeza kwamba "utafiti zaidi ufanywe". Muhtasari, hitimisho na mapendekezo ni vitu vitatu tofauti. Muhtasari unajibu, "Niliona nini?" Hitimisho linajibu, "Kwa hiyo niseme nini kuhusu swali langu?" Mapendekezo yanajibu, "Basi nani afanye nini?" Mtahini akimuuliza mtafiti wa aina hii, "Sasa tunajua nini ambacho hatukukijua?", ukumbi unakuwa kimya.

Hoja na jibu vinahitajiana kama mwamba wa nyumba na nguzo zake. Wakenya waliliona jambo hili waziwazi mwaka wa 2017. Mnamo Septemba 1, Mahakama ya Juu ilitangaza kwamba imebatilisha uchaguzi wa urais wa Agosti 8. Katiba inaitaka mahakama hiyo iamue kesi kama hiyo ndani ya siku 14, kwa hivyo siku hiyo ulisomwa uamuzi kwa ufupi tu. Sababu kamili zilisomwa Septemba 20. Kwa siku 19 taifa zima lilikuwa na jibu lisilo na maelezo kamili na kila mtu, kwenye matatu, kinyozi na hotelini, alikuwa akitafuta kujua ni kwa nini. Hapana aliyeweza kutulia mpaka sababu zije. Insha zetu zina kasoro iliyo kinyume cha hali hiyo: sababu ni tele, uamuzi haupo. Ajabu ni kwamba hilo halitukoseshi utulivu. Tumelizoea.

Tumelizoea hata kwenye mikutano. Kamati inakaa saa nne, chai inanywewa, kila mtu anazungumza, kisha kumbukumbu zinasema, "Suala hili lilijadiliwa kwa kina." Liliamuliwaje? Hakuna ajuaye. Yule aliyeandika kumbukumbu hizo aliwahi kukaa darasani, akafundishwa kwamba mwisho ni kuaga.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa kuliko nilipoanza kazi ya ualimu. Siku hizi ziko programu za akili mnemba zinazoweza kumwandikia mwanafunzi insha nzima kabla maji ya chai hayajachemka. Nimezitazama kazi kadhaa za aina hiyo zilizoletwa kama kazi za wanafunzi. Zina hoja, zina sarufi. Lakini mara kwa mara aya ya mwisho ni ileile: upande huu una faida, upande ule una changamoto, ni muhimu kuwepo usawa. Kwa maneno mengine, mashine inamalizia kama mwanafunzi wetu aliyekariri. Ikiwa tumewafundisha vijana kuandika kama mashine, tusishangae mashine ikichukua nafasi yao. Mashine haitaulizwa na mtu yeyote mtaani inasimamia nini, kijana ataulizwa. Isitoshe, mtaala mpya unampa mwanafunzi miradi ya kutekeleza na kuitolea ripoti, na mradi usio na uamuzi mwishoni ni safari tu.

Je, mwalimu afanye nini? Nina ushauri wa aina nne na wote unaweza kutumika kesho asubuhi.

Kwanza, mwanafunzi aandike jibu lake kwa sentensi moja kwenye mpango wa insha kabla hajaanza utangulizi. Asiyejua anakokwenda atamaliza popote pale muda utakapomkatia. Sentensi hiyo anaweza kuibadilisha baadaye akiona hoja zimempeleka kwingine, na hilo si kosa. Ndiyo faida ya kujadili.

Pili, atenge dakika tano za mwisho za kila insha kwa ajili ya aya hiyo. Aya moja inatosha. Insha ya maneno 400 haiwezi kubeba hitimisho la maneno 150. Maneno 50 hadi 70 yatamfikisha.

Tatu, aijaribu aya hiyo kwa kuihamisha. Ajiulize: je, aya hii ingeweza kuwekwa mwishoni mwa insha nyingine kuhusu mada tofauti? Kama jibu ni ndiyo, aifute. Sisemi kwamba "kwa kutamatisha" ni dhambi. Hayo ni maneno ya kuashiria tu, kama mkono wa utingo unaopigapiga ubavu wa matatu. Dereva akisimama bila abiria kushuka, hapo ndipo pana kasoro.

Nne, mwalimu anaposahihisha asiandike tu "mwisho dhaifu" ukingoni mwa karatasi. Aandike swali: "Kwa hiyo?" Mwanafunzi akilijibu swali hilo chini ya insha yake kwa sentensi mbili, mara nyingi sentensi hizo mbili ndizo zilizopaswa kuwa hitimisho.

Kuna zoezi moja ninalowapendekezea walimu ambalo halihitaji kitabu wala pesa. Wape wanafunzi wawili wawili wabadilishane insha. Kila mmoja afunike kazi ya mwenzake yote isipokuwa aya ya mwisho, aisome, kisha aseme swali lilikuwa lipi na mwandishi amesimama upande gani. Akiweza kuyasema yote mawili, insha hiyo imehitimishwa. Asipoweza, mwenye karatasi arudishiwe aandike upya aya hiyo peke yake, wala asipewe alama mpaka ajibu.